Bua la kufunika, jani la kulisha

Msimu wa vuli, miaka mitatu iliyopita, mahindi ya mama yaliota vizuri, yakafika magotini, kisha yakaanza kugeuka njano. Majani ya chini yalikauka kuanzia ncha, unjano ukashuka katikati ya jani ukifuata mshipa mkuu. Kila aliyelima kwenye luseni, udongo wetu wa kichanga, pale Misungwi anaijua alama hiyo: mmea una njaa ya nitrojeni. Kilichotuumiza ni kwamba mwaka huo ndio tuliolihudumia shamba kuliko mwaka mwingine wowote. Hatukuchoma hata bua moja. Tulikatakata mabua yote ya msimu uliotangulia, tukaongeza mikokoteni miwili ya maganda ya mpunga kutoka mashineni, tukafukia vyote kwa jembe, na wiki moja baadaye tukapanda. Tulikuwa tumeambiwa, kama walivyoambiwa wakulima wengi wa Kanda ya Ziwa, kwamba masalia ya mazao ni mbolea. Ng'ambo ya njia, jirani aliyewasha moto shambani kwake mwezi wa nane alikuwa na mahindi ya kijani kibichi, kila mpita njia akiyasifia.

Mama hakusema mengi. Aliniuliza tu: "Sasa mwanangu, yale majani ndiyo yamekula mahindi yetu?"

Alikuwa ameigusa kweli yenyewe, ingawa ilinichukua muda kuielewa. Masalia ya mimea husifiwa kwa mambo mawili kwa pumzi moja: yanazuia magugu na yanarutubisha udongo. Yote mawili ni kweli. Lakini ni kazi mbili tofauti, na bua linaloiweza ya kwanza kwa kawaida haliiwezi ya pili. Kinachooza upesi kinalisha. Kinachokawia kuoza kinafunika. Ukizichanganya kazi hizo, kama tulivyozichanganya sisi, unaweza kukosa zote mbili: mahindi yana njaa na magugu yananawiri.

Walaji wa chini ya ardhi

Jani likianguka udongoni haliozi lenyewe. Linaliwa. Mchwa na minyoo hulikata vipande, kisha bakteria na kuvu humalizia kazi. Walaji hao wadogo wanahitaji vitu viwili vikubwa: kaboni, ambayo kwao ni kama kuni za kuwapa nguvu, na nitrojeni, ambayo ndiyo wanayojengea miili. Hesabu yao inajulikana vizuri. Kwa kila sehemu 24 za kaboni wanazokula, 16 huteketea kama nguvu na kutoka ardhini kama hewa, na 8 hubaki kujenga mwili pamoja na sehemu 1 ya nitrojeni. Kwa hiyo chakula kinachowatosheleza bila kupungukiwa kina kaboni 24 kwa nitrojeni 1.

Sasa angalia tulichowapa. Mabua makavu ya mahindi yana kaboni kama 60 kwa nitrojeni 1. Majani makavu ya mpunga ni kati ya 60 na 80. Vumbi la mbao linapita 300. Ni sawa na kumwekea mtu sinia la ugali usio na mboga. Atakula, lakini mboga ataitafuta jirani, na jirani wa bakteria ni mzizi wa hindi. Walaji wetu waliinyonya nitrojeni iliyokuwamo udongoni ili waweze kuyamaliza yale mabua, na mahindi yakabaki kuangalia. Huo ni mkopo, na hulipwa: bakteria wanapokufa nitrojeni inarudi. Ila kwenye udongo wenye joto na unyevu malipo yanaweza kuchukua wiki kadhaa, hata miezi miwili, na hindi huhitaji nitrojeni nyingi zaidi kuanzia linapofika magotini hadi linapotoa mbelewele. Tulifukia mabua wiki moja kabla ya kupanda. Njaa ikaja siku zilezile mahindi yalipokuwa yanahitaji kula.

Maganda ya mpunga tuliyoongeza hayakusaidia lolote. Yamejaa silika, madini magumu kama ya mchanga, ndiyo maana hata ng'ombe hayataki, na yanaweza kukaa ardhini msimu baada ya msimu bila kubadilika sana. Wanaoyachomea matofali pale Misungwi na Magu wanayajua matumizi yake kuliko tulivyojua sisi.

Na jirani aliyechoma? Kwa msimu ule mmoja alikuwa sahihi, na ni vizuri kulikubali hilo, kwa sababu watu wanaohubiri dhidi ya moto bila kulikubali hupoteza imani ya wakulima. Kwake hapakuwa na kitu cha kukopa nitrojeni, na majivu yalimpa potasiamu na fosforasi kidogo papo hapo. Hasara yake haionekani kwa macho ya msimu mmoja. Ekari inayotoa magunia nane ya mahindi, yaani kilo 800, huacha mabua na majani makavu ya takriban tani moja. Tani hiyo ina nitrojeni kama kilo 7, sawa na iliyomo katika kilo 15 za urea. Ikichomwa, karibu yote huondoka na moshi. Yanayobaki kwenye majivu hupeperushwa au huoshwa na mvua ya kwanza, na sehemu yake huishia ziwani, ambako fosforasi hulisha mimea ya majini tunayolalamika kila siku kwamba inaziba mialo yetu.

Kinachouma zaidi kwa sisi wa luseni ni mboji. Udongo wa vilima vyetu umetokana na miamba ileile ya matale inayoifanya Mwanza iitwe jiji la miamba. Miamba hiyo ikimeng'enyeka inatoa mchanga, na mchanga haushiki maji wala chumvichumvi za mbolea. Kule mbugani, kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, udongo wenyewe unashika. Huku juu kinachoshika ni mboji peke yake. Kila mwaka wa moto ni mwaka ambao mboji haikuongezwa, na mkulima huja kugundua kwamba hata urea anayonunua inapita kama maji kwenye chujio.

Bua lilelile, mahali pengine

Jambo lililonifungua macho ni hili: mabua yaleyale yaliyoyanyima mahindi yetu chakula yangekuwa hayana madhara kama tungeyaacha juu. Yakilala juu ya ardhi, ni upande wa chini tu unaogusana na udongo. Walaji wanayashambulia polepole kutoka chini, na nitrojeni wanayokopa ni ya tabaka jembamba la juu, wakati mizizi ya mahindi imeshashuka. Kwa hiyo kanuni tunayoifuata sasa nyumbani ni fupi: kigumu kinabaki juu, kilaini ndicho kinachofukiwa. Na kama ni lazima kufukia mabua, basi yafukiwe mapema, mwezi mmoja au miwili kabla ya kupanda udongo ukiwa na unyevu, au yaende na samadi.

Likiwa juu, bua ndipo linapofanya kazi ya magugu. Mbegu nyingi za magugu ni ndogo mno, na mbegu ndogo haina akiba ya kusukuma chipukizi kutoka mbali. Nyingi zimejiwekea kinga: haziamki mpaka zionje mwanga, au mpaka zihisi joto la mchana na baridi ya usiku vikipishana sana. Ndiyo maana shamba likilimwa tu na mvua ikinyesha, linajaa kijani kabla mbegu uliyopanda haijatoka. Jembe limezitoa mbegu gizani na kuzipa mwanga. Matandazo huzirudisha gizani. Zinabaki zimelala, nyingine zinaoza, nyingine zinaliwa na chungu na mende wanaojificha humo chini ya mabua. Mbegu ya hindi au ya kunde, kwa kuwa ni kubwa na ina akiba yake, hupenya.

Faida inayotangulia hata magugu ni joto. Luseni tupu saa nane mchana, mwezi wa kumi, inaweza kupita nyuzi joto 40 kwenye tabaka la juu. Vueni viatu mkapite shambani saa hiyo mtaelewa. Chini ya mabua ni baridi zaidi kwa nyuzi kadhaa na unyevu hukaa siku nyingi zaidi baada ya mvua. Kwetu sisi, ambao vuli inaweza kunyesha wiki mbili ikakata wiki tatu, siku hizo chache huamua kama mche utaiona mvua inayofuata.

Lakini yapo magugu ambayo matandazo hayayawezi, na ni yale yanayotusumbua zaidi. Ndago inaota kutoka kwenye vitunguu vyake vya chini, ina ncha kali kama sindano, na hutoboa hata karatasi ya plastiki. Motomoto ni hivyohivyo, mizizi yake inatambaa chini na kuchipua upya popote. Mbele ya hayo mabua ni mapambo tu. Ndago inatakiwa kung'olewa na vitunguu vyake, tena na tena, au kutiwa kivuli kizito na zao linalofunika ardhi kama viazi vitamu au kunde za kutambaa. Yeyote anayekuambia kwamba matandazo yatakuondolea palizi kabisa hajawahi kulima penye ndago. Yanachoweza kufanya, yakiwa mazito, ni kuipunguza ile palizi ya wiki sita za mwanzo, ambazo ndizo mahindi huumia zaidi yakisongwa na magugu, na ndizo akina mama na watoto huinama toka alfajiri.

Yakiwa mazito. Hapo ndipo hesabu inapogoma.

Ekari ni kama mita za mraba 4,000. Ukitandaza ile tani moja ya mabua juu ya ekari ileile iliyoyazaa, unapata robo kilo kwa kila mita ya mraba, yaani bua hapa na bua pale na jua katikati. Inasaidia kidogo dhidi ya matone makali ya mvua. Magugu hayana habari. Nusu kilo kwa mita ya mraba ndipo unaanza kuona tofauti, na ili mwanga uzibwe sawasawa unahitaji kilo moja hivi. Maana yake mabua ya ekari moja hufunika robo ekari. Semina nyingi nilizohudhuria hazikuifanya hesabu hii mbele ya wakulima, na ndiyo maana wengi walijaribu mara moja, wakaona magugu yako palepale, wakarudi kwenye kiberiti.

Ng'ombe wa nani, majani ya nani

Na hiyo robo kilo yenyewe si yako. Usukumani mazao yakishavunwa, shamba huwa malisho. Ng'ombe wanaingia, wa kwako na wa jirani, na mwezi wa tisa hapabaki kitu ila visiki. Si uchokozi. Ni desturi yenye akili yake, kwa sababu wakati huo nyasi zimekwisha na ng'ombe ndiye benki ya familia. Mwaka ule tulipoyakusanya mabua yetu tukayazungushia miiba, mzee wa jirani alisimama kwenye mpaka akamwambia mama kwa upole kabisa: "Mama, ukiyalaza haya chini, hao ng'ombe nitawaeleza nini?" Mama hakuwa na jibu, nami sikuwa nalo.

Serikali ya kikoloni ilijaribu kulijibu swali la namna hiyo kwa amri. Chini ya mpango wa maendeleo ya Usukuma ulioanza 1947, watu walishurutishwa kulima kwa matuta, kutia samadi na kupunguza mifugo. Baadhi ya mambo yale kitaalamu yalikuwa mazuri. Watu waliyachukia kwa sababu yalikuja na faini, na ufugaji ukaguswa bila mwenye ng'ombe kusikilizwa. Hadi leo ukitaja kuzuia ng'ombe shambani, wazee wengine wanakunja uso, na wana sababu.

Lakini Msukuma huyohuyo anajua kutenga majani. Ngitili ni kazi ya mikono yake: eneo linalofungwa mvua zikiendelea ili nyasi zisimame mpaka kiangazi, na kila mtu anajua ni la nani na litafunguliwa lini. Shinyanga, kupitia mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza 1986, ngitili zilizokuwa zimepotea zilifufuliwa kwa wingi. Nionavyo mimi, kinachohitajika kwenye mabua ni makubaliano ya aina hiyo, ya jirani na jirani, kwa sehemu ndogo ya shamba, kwa muda unaojulikana. Kuwaambia watu wafunike ekari zao zote ni kuwaambia wasifuge.

Ukizunguka ziwa utaona namna nyingine mbili ambazo watu wametatua tatizo hili kabla ya semina yoyote. Bukoba, Wahaya wamekuwa wakitandaza nyasi kwenye vibanja vyao kwa vizazi. Ndani ya kibanja, chini ya migomba na mibuni, ardhi imefunikwa daima na magugu ni machache. Nyasi zilitoka rweya, yale maeneo ya wazi yanayozunguka vijiji. Ni kazi nzuri mno, lakini ina bei yake: rutuba ilihama kutoka rweya kwenda kibanja mwaka baada ya mwaka, kibanja kikanenepa na rweya ikakonda. Matandazo hayatoki hewani. Kila mzigo wa nyasi unaoushusha shambani kwako umeondolewa mahali, na ni vyema kujua ni wapi.

Kisiwa cha Ukara kilijibu kwa njia tofauti kabisa. Watanzania wengi walilisikia jina hilo Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Bwisya na kuua watu zaidi ya 200, na msiba ule haujasahaulika huku kwetu. Lakini wataalamu wa kilimo wamekuwa wakivuka kwenda Ukara tangu miaka ya 1930 kwa sababu nyingine. Kisiwa ni kidogo, udongo wake ni mchanga wa matale kama wetu, watu wamejaa, na hakuna mahali pa kuhamia shamba likichoka. Wakara waliweka ng'ombe ndani, kwenye shimo la zizi, wakawaletea majani mkononi, hata yale yanayoota pembezoni mwa ziwa. Majani yaliyokataliwa na ng'ombe yaligeuka matandiko, yakanywa mkojo, yakatoka kama samadi na kubebwa shambani. Na katikati ya uwele walipanda marejea, mmea wa jamii ya kunde, kwa kazi moja tu: kufukiwa ukiwa mbichi.

Hebu lisomeni hilo kwa hesabu ya walaji wa udongoni. Ng'ombe analiingiza bua lenye 60 kwa 1 tumboni na kulitoa likiwa samadi yenye kama 20 kwa 1. Karibu nusu ya nitrojeni anayoitoa iko kwenye mkojo, ambao kwenye maboma yetu ya wazi unapotea ardhini na hewani, lakini matandiko yakiwepo yanaunyonya. Marejea nayo inavuta nitrojeni kutoka hewani kwa msaada wa bakteria wa mizizi yake, kisha inafukiwa ikiwa laini, kabla haijakomaa na kuwa mti. Hakuna bua gumu lililofukiwa peke yake. Hawakuwa na jedwali la uwiano wa kaboni, ila kila kitu walikipeleka kwenye kazi yake.

Sisi tusio Ukara tunayo majani ya kulisha zaidi ya tunavyodhani. Majani ya choroko, kunde na karanga yana kaboni 20 hadi 25 kwa nitrojeni 1, yanatosheka yenyewe na hata kubakiza. Dengu zinazopandwa mbugani mvua zikiisha ni za ukoo huohuo. Alizeti pori, ile yenye maua ya njano inayofanya ua kando ya barabara, ni tajiri kuliko zote: majani yake makavu yana nitrojeni kama asilimia 3.5 na potasiamu asilimia 4. Yanaoza ndani ya wiki chache. Kama matandazo hayafai kitu, maana yatakuwa yameisha kabla magugu hayajachoka, lakini ukiyakata mabichi na kuyafukia kwenye mashimo ya nyanya au mahindi utayaona matokeo kwa macho. Ubaya wake ni uzito. Sehemu kubwa ya mzigo wa kijani ni maji, kwa hiyo huo ni utajiri wa bustani, si wa ekari tano.

Hilo linanipeleka kwenye magugu maji, kwa sababu kila mtu wa Igombe na Luchelele huniuliza. Yaliingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, yapo bure, na yanafaa kutandazwa na kuozeshwa. Lakini zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za uzito wake ni maji, kwa hiyo tani unayoivuta ufukweni haifikii kilo 100 ikikauka. Yaliyoota karibu na mitaro ya jiji hufyonza metali zenye sumu, hayo yasiguse mboga. Na kubwa kuliko yote, kwenye magugu hayo ndimo wanamoishi konokono wa kichocho. Mtu anayeingia majini miguu mitupu kutafuta mbolea anaweza kutoka na ugonjwa wa miaka. Vaeni buti ndefu za mpira, au mvute kwa reki mkiwa nchi kavu, na myaache yakauke juani kwanza.

Yasiyotakiwa kubaki shambani

Pamba haimo kabisa katika habari hii. Mabua yake yanatakiwa kung'olewa na kuchomwa kila msimu, na kanuni za zao zinadai hivyo, kwa sababu yakibaki yanachipua na kuwapa funza wa vitumba makao mpaka msimu mpya. Hapo moto una haki yake. Mihogo yenye batobato au michirizi kahawia nayo isitandazwe, maana kipande cha shina kilichoachwa kinaweza kuota na kuurudisha ugonjwa shambani.

Kwa mahindi na mtama hofu iliyo ya kweli ni funza wa mabua, ambaye hulala ndani ya bua kiangazi kizima akisubiri mvua. Bua lililosimama humpa kivuli na usalama. Wazee waliochoma walikuwa na hoja. Ila dawa yake si lazima iwe moto: mabua yakikatwa na kulazwa mojamoja juani kwa wiki nne hivi kabla ya kurundikwa, joto huua wengi wao. Sisi tunayalaza mwezi wa saba.

Kiduha nimekiacha mwisho kwa sababu ndicho kinachoziunganisha zile kazi mbili nilizozitenganisha. Ua lake la zambarau ni zuri, na kila mkulima wa mahindi na mtama huku analichukia. Mche mmoja hutoa makumi ya maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi, na zinaweza kukaa ardhini zaidi ya miaka kumi. Haziamki kwa mwanga. Zinaamshwa na kemikali inayotoka kwenye mzizi wa hindi, kisha kiduha kinaung'ata mzizi huo na kunyonya, na unapokiona juu ya ardhi madhara yameshafanyika chini. Matandazo peke yake hayakizuii.

Lakini mzizi wenye njaa hutoa kemikali hiyo kwa wingi zaidi. Udongo uliochoka ndio unaokiita kiduha. Kwa hiyo hapa kulisha udongo ni palizi yenyewe: samadi, kunde na karanga zilizofukiwa, marejea. Kunde na pamba zina faida ya ziada, zinakiamsha kiduha lakini hakiwezi kuishi kwenye mizizi yao, kinakufa kikiwa kichanga. Upande wa Kenya, pale Mbita kando ya ziwa hilihili, watafiti wa ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, waligundua kwamba desmodiamu, mmea unaotambaa wa jamii ya kunde, ikipandwa katikati ya mistari ya mahindi hufanya hivyohivyo kwa nguvu kubwa, inafunika ardhi mwaka mzima na kuwalisha ng'ombe pia. Kwa mtama zipo mbegu za Hakika na Wahi, zilizotolewa nchini 2002, zinazokistahimili.

Nyumbani sasa shamba limegawanyika. Robo ekari iliyo karibu na nyumba imefunikwa mabua mpaka ardhi haionekani. Humo palizi mama anafanya mara moja nyepesi badala ya mara mbili, na ndago bado anaing'oa kwa kijiti. Ekari iliyobaki haifunikwi. Tunapanda kunde katikati ya mahindi, tukishavuna maganda tunazifukia, na samadi inakwenda kwenye mashimo, si kutawanywa.

Mzee wa jirani na mama walielewana msimu uliopita. Ng'ombe wake wanaingia kwenye ile ekari siku mama anapomaliza kuvuna, wanakula majani na vilele wanavyovipenda, na hawaigusi robo ekari. Mabua magumu ya chini wanayoyaacha, robo ekari ikishafunikwa, anayachukua mzee kutandika zizini, na kabla ya vuli analeta mikokoteni sita ya samadi. Mwaka huu aliuliza kama marejea huliwa na ng'ombe. Mama alimwambia hajawahi kuwaona wakiila, ndiyo maana anataka kuipanda upande wa mpakani.